Malinois, mchungaji wa Kijerumani au chotara wa mtaani: yupi umpe nyumba Lubumbashi?

Mtu wa Lubumbashi akitaka mbwa wa kulinda lupango, yaani kiwanja cha nyumba yake, jina linalomtoka kwanza ni Malinois. Amewaona wale wa kampuni za ulinzi wakishushwa kwenye pikapu mbele ya benki. Ameona mbwa mmoja mwembamba anavyowafanya watu wapishe njia bila hata kubweka, akajiambia huyo ndiye wangu. Kisha anasikia kuna mmoja hauzwi, anatafutiwa tu nyumba. Mwenyewe anarudi kwao, au mkataba wake mgodini umekwisha, au mbwa amemshinda. Jioni ile ile mbwa amefungwa mnyororo chini ya mwembe huko Kampemba, na hapo inaanza taabu ya mbwa, ya watoto na ya majirani.

Mbwa wa kazi waliokosa nyumba wapo mjini na wanahitaji watu. Wengine wako kwenye makao ya kuhifadhi mbwa, wengine kwa daktari wa mifugo aliyekubali kuwahifadhi kwa muda, wengine kwa mama mwenye lupango mkubwa ambaye hawezi kusikia mbwa analia akapita. Nataka wachukuliwe. Nataka zaidi wachukuliwe na mtu anayewaweza, maana mbwa aliyekwisha kurudishwa mara mbili ni vigumu mno kumpatia mtu wa tatu.

Utakaowakuta mara nyingi ni wa aina tatu: Malinois kijana ambaye mwenyewe ameshindwa naye, mchungaji wa Kijerumani aliyemaliza miaka yake ya ulinzi, na chotara, mwenye damu kidogo ya hao wawili na damu nyingi ya mtaani. Watu huwalinganisha kwa sura na kwa ukali. Mimi nawalinganisha kwa saa: kila mmoja atakula saa ngapi za siku yako, na nani nyumbani kwako anazo saa hizo. Kwa familia nyingi za mji huu jibu langu ni chotara. Zipo nyumba chache ambazo Malinois anazifaa kabisa, na nitasema ni zipi.

Kazi iliyomo kwenye damu

Malinois ametoka Ubelgiji, na jina lake limetokana na mji wa Malines. Ni mmoja wa wachungaji wanne wa Kibelgiji. Wengine ni Groenendael, Tervueren na Laekenois. Dume hufika sentimita 62 begani na kilo 25 hadi 30, jike sentimita 58 na kilo 20 hadi 25. Si mbwa mkubwa, na hilo huwashangaza wanaotegemea kuona mnyama mnene. Alifugwa achunge: akimbie kutwa kuzunguka kundi, aone kila kinachotikisika, aitikie mara moja. Polisi na majeshi walipompenda, walipendea hayo hayo. Kwa hiyo pikipiki ikipita, mtoto akikimbia, mbuzi wa jirani akikatiza barabara, kuna kitu ndani yake kinamwambia: nenda. Hakuna aliyemfundisha hivyo, na huwezi kumwondolea. Unachoweza ni kumpa kazi nyingine iliyo tamu zaidi.

Mchungaji wa Kijerumani alipewa umbo lake na Max von Stephanitz, ofisa wa jeshi la Ujerumani, kuanzia mwaka 1899. Ni mzito zaidi: dume kilo 30 hadi 40, jike 22 hadi 32. Kwa kawaida anafikiri kidogo kabla ya kuruka, na ana swichi ya kuzima ambayo Malinois wengi hawana. Ukimaliza kazi naye, analala. Wa miaka saba au minane aliyelinda ghala au makazi ya wafanyakazi ameshaona malori, walevi, mvua za radi na mageti yanayofunguliwa usiku, na mengi hayamshtui tena.

Chotara wa mtaani hakuchaguliwa na mfugaji yeyote. Alichaguliwa na njaa, joto, kupe na barabara. Walio wapumbavu mbele ya gari hawakuzaa. Waliowauma watu ovyo waliuawa kwa mawe. Waliobaki ni mbwa wa kilo 15 hadi 20, wa manyoya mafupi, wanaolala kivulini mchana wa Oktoba na kuamka giza linapoingia. Watu wengi humdharau kwa sababu tu anapatikana kila kona. Mimi naona ndiye mbwa aliyekwisha kufanyiwa mtihani wa Lubumbashi na kuufaulu.

Boerboel wa Afrika Kusini na Rottweiler nao hutokea wakitafutiwa nyumba, kwa kuwa wengi huingia mjini kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Sitawazungumzia sana. Wana nguvu kuliko mtu mzima anayewashika kamba, na kama hujawahi kufuga mbwa mkubwa, usianzie hapo.

Saa unazo?

Malinois mzima anahitaji kama saa mbili za kazi kwa siku, kila siku, na neno kazi nalitumia kwa maana yake kamili. Kukimbizwa barabarani peke yake hakutoshi, kwa sababu kukimbia kunamwongezea pumzi tu: baada ya miezi mitatu una mbwa yule yule mwenye mapafu makubwa zaidi. Kinachomchosha ni kufikiri. Kutafuta kitu ulichoficha kwa kunusa, kukaa akisubiri huku mpira unapita mbele yake, kuja unapomwita wakati mbwa mwingine anabweka ng'ambo ya ukuta. Robo saa ya mambo hayo humtuliza kuliko kilomita tano.

Nilimwona jike mmoja kijana, Malinois safi, akisubiri mtu wa kumchukua. Lupango ulikuwa mkubwa, una kichuguu cha kale katikati, mtu yeyote angesema mbwa hapa ana raha. Lakini majani kando ya ukuta yalikuwa yameisha. Palikuwa na njia nyembamba, upana wa mbwa mmoja, inazunguka lupango wote, na kwenye kila kona udongo mwekundu ulikuwa umechimbika pale anapogeukia. Alikuja na nusu ya tofali mdomoni, akaiweka mbele ya viatu vyangu, akarudi nyuma hatua mbili, akaikazia macho ile tofali. Mimi hakuniangalia hata kidogo. Alipofungua mdomo niliona meno yake ya mbele marefu yamekatika ncha, yamekuwa bapa, kwa sababu ya kutafuna matofali na vyuma vya geti. Hakuwa amepigwa wala kunyimwa chakula. Alikosa kazi.

Yule mama aliyekuwa anamtunza aliulizwa na kijana mmoja kama mbwa ni mkali. Akamjibu, "Yaya, kwanza uniambie ni nani kwako anaamka kabla ya jua. Ya ukali tutaongea kesho." Kijana aliondoka bila mbwa, na nadhani alifanya vyema.

Swali la mama yule linagusa hali ya hewa yetu pia. Kuanzia Septemba hadi mvua zinapokomaa, mchana ni moto, na mbwa wa kazi hajui kujizuia: ukimtupia mpira saa sita ya mchana ataufuata mpaka aanguke. Kwa hiyo kazi yake ni alfajiri na jioni. Wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili, barabara za Katuba na Ruashi ni matope, na kazi bado inamsubiri. Asubuhi za Juni na Julai kuna baridi, wewe unataka blanketi, yeye anataka kutoka. Miaka 12 hadi 14, ndiyo umri wake wa kawaida.

Mchungaji wa Kijerumani aliyestaafu anatosheka na saa moja au zaidi kidogo, kwa mwendo wa kutembea, na kazi ndogo za kichwa. Chotara anataka matembezi ya nusu saa asubuhi, mengine jioni, na uhuru wa kuzunguka ndani ya ukuta. Yeye mwenyewe anajua kupumzika.

Wengi huniambia, "Sentinele atamtembeza." Fikiri vizuri hapo. Sentinele ana kazi yake, mara nyingi anamwogopa mbwa, na mtu anayemwogopa mbwa hushika fimbo. Malinois aliyetishwa kwa fimbo kila siku na mtu wa geti huishia kumchukia kila mtu wa geti. Kama kweli sentinele ndiye atakayekuwa naye, basi sentinele aje makaoni akutane na mbwa kabla ya wewe kuamua, apewe mafunzo, na aongezewe malipo kwa kazi hiyo. Akikataa, mshukuru kwa kusema ukweli.

Kulinda ni nini hasa?

Hapa ndipo watu wengi wanapochagua vibaya, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwizi anayeingia usiku anaogopa kuamsha watu. Kinachomzuia ni kelele zinazoanza mapema, akiwa bado nje ya ukuta. Kwa kazi hiyo chotara ni hodari: ana usingizi mwepesi, anajua sauti ya kila jirani, na hubweka kwa mguu asioujua. Mchungaji wa Kijerumani naye hubweka vizuri, kwa sauti nene inayosikika avenyu nzima, na mwili wake peke yake ni onyo. Malinois anaweza kubweka pia, lakini uwezo wake mkubwa, ule unaowavutia watu, ni kukimbia, kushika na kutoachia. Uwezo huo bila mtu aliyefundishwa kumwamuru ni hatari kwa wenye nyumba wenyewe.

Maana tazama lupango wa kawaida wa Lubumbashi unavyoingiwa. Watoto wa jirani wanakuja na vidumu kwa sababu bomba lao limekauka na wewe una kisima. Kundi la sala linakutana Jumatano. Shangazi anatoka kijijini bila kupiga simu. Kukitokea msiba, watu mia wanalala uani siku kadhaa, wanapika, wanaimba, watoto wanakimbia kati ya viti. Mbwa wa mji huu lazima aweze kuishi katikati ya watu wanaoingia na kutoka. Chotara aliyekulia mtaani ameyazoea hayo tangu akiwa mdogo. Mchungaji mstaafu anaweza, ukimwonyesha kwa upole ni nani anayekaribishwa, ingawa wakati wa msiba ni bora apelekwe nyuma. Malinois kijana anahitaji kibanda chenye mlango wa kufunga, mahali pa utulivu, na mtu mmoja wa nyumbani ambaye hakuna siku atasahau kufunga. Kusahau mara moja kunatosha.

Na mnyororo hausaidii yeyote kati yao. Mbwa aliyefungwa analinda duara la mita tatu tu. Mbaya zaidi, kila kitu cha kuvutia kinapita pale asipofika, kutwa, hadi shauku inageuka hasira. Chotara mnyororoni hunyong'onyea. Mchungaji hubweka bila kukoma. Malinois huzunguka mpaka shingo inachubuka, na siku mnyororo ukikatika anafika kwa kasi yote aliyoiweka akiba. Kama lupango wako hauna ukuta au uzio kamili, usichukue Malinois.

Mbwa wa ulinzi aliyestaafu huja na jambo jingine la kuuliza: alifundishwa kuuma, au alifundishwa kubweka na kutembea na mlinzi? Omba uambiwe wazi. Omba pia maneno ya amri aliyoyazoea. Hapa kwetu mara nyingi ni ya Kifaransa, "assis" (kaa), "couché" (lala) na "au pied" (tembea kando yangu), na mbwa aliyeyasikia miaka sita hatayaacha kwa sababu wewe unapenda Kiswahili. Jifunze maneno yake, na nyumba nzima iyatumie namna moja. Ukijua neno la kumwachisha, liandike ukutani jikoni.

Sufuria yake

Kwa chakula kikavu cha dukani, Malinois anayefanya kazi hula kati ya gramu 350 na 480 kwa siku, kwa hiyo gunia la kilo 15 linamfikisha kama wiki tano. Mchungaji wa Kijerumani mkubwa hulimaliza kwa mwezi mmoja au pungufu. Chotara wa kilo 15 hula kama gramu 230, na gunia lile lile linafika miezi miwili. Piga hesabu ya mwaka kwa bei ya duka lako la karibu kabla hujasema ndiyo.

Nyumba nyingi hupika, na si vibaya. Lakini bukari (ugali) peke yake humshibisha mbwa bila kumjenga. Tia ndakala (dagaa), utumbo, mapafu, yai, majani kidogo. Malinois na mchungaji wakilishwa bukari tupu utawaona mgongo umetoka na manyoya yamefifia ndani ya miezi michache, kwa sababu wanachoma nguvu nyingi. Chotara atavumilia muda mrefu zaidi, na uvumilivu wake usiufanye sababu ya kumnyima. Mambo mawili ninayasisitiza. Unga ulioota ukungu, ule ambao mama anasema "huu tutapikia mbwa", una sumu inayoitwa aflatoksini, inayoharibu ini, na umeshaua mbwa wengi waliokuwa wazima. Usimpe. Na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali na kutoboa utumbo.

Mchungaji wa Kijerumani, kwa kifua chake kirefu, yuko katika hatari ya tumbo kujaa hewa na kujipinda, ugonjwa unaoua ndani ya saa chache. Mgawie chakula mara mbili kwa siku, na asikimbie baada ya kula.

Magonjwa yanayotofautisha

Kichaa cha mbwa hakina tofauti ya aina. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na karibu visa vyote vya binadamu duniani hutokana na mbwa. Mbwa unayemchukua awe na karatasi ya chanjo yenye tarehe. Kama haipo, achanjwe kabla hajazoeana na watoto, kisha arudie kila mwaka. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, mtu apelekwe akapate chanjo, na mbwa asiuawe bali afungiwe na kutazamwa siku kumi. Ukimuua unapoteza njia rahisi ya kujua.

Kupe ndio wanaowatenganisha. Kupe wa kahawia wa mbwa huleta magonjwa ya damu: babesia, yenye homa na mkojo mweusi mfano wa chai, na elikia, ambayo wakati mwingine hujionyesha kwa damu kutoka puani. Chotara wa hapa mara nyingi amekutana nayo mapema akabaki hai. Mchungaji wa Kijerumani anajulikana kuugua elikia vibaya kuliko mbwa wengi, na manyoya yake mazito yanaficha kupe. Ukimchukua yeye, vidole vyako vipite ndani ya masikio, chini ya mkia na kati ya kucha kila jioni. Kwa Malinois kazi hiyo ni dakika chache, kama atakubali kutulia.

Kuna pia inzi wetu yule anayetaga kwenye udongo wenye mkojo au kinyesi na kwenye nguo zinazoanikwa, ndiyo sababu hapa tunapiga pasi mpaka nguo za ndani. Funza wake huingia kwenye ngozi ya mbwa anayelala chini, hasa tumboni na miguuni. Utaona jipu dogo lenye tundu katikati, na ukilitazama kwa makini tundu linapumua. Likipakwa vaselini funza hukosa hewa na kujitokeza, kisha huminywa taratibu, bila kumpasua. Mpe mbwa kitanda cha mbao kilichoinuka, na matandiko yake yapigwe pasi kama ya mtoto. Kwa chotara na Malinois majipu haya yanaonekana mapema. Kwa mchungaji unayagundua yakiwa kumi.

Jambo la dawa: usikubali mtu apite na sindano ya aivamektini ya ng'ombe akiichoma kwa kukadiria. Baadhi ya mbwa wa uchungaji, na wachungaji wa Kijerumani wamo, wana kasoro ya jeni inayoiruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo. Mbwa hutetemeka, hutoka mate, hupoteza fahamu. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo, na madaktari waliosoma pale wamo mjini. Muulize mmoja wao kipimo, kwa uzito wa mbwa wako.

Mchungaji mstaafu umkague miguu ya nyuma. Mwache alale, kisha mwite. Akiinuka kwa mikono ya mbele akijivuta, nyonga zinauma. Kisha tazama kucha za nyuma: zikiwa zimechakaa upande wa juu, anaburuta miguu, na huenda ni uti wa mgongo unaodhoofika, ugonjwa unaojulikana kwa aina hii ya mbwa, usio na tiba. Hilo halimwondolei haki ya nyumba. Lakini mbwa anayeishi miaka 9 hadi 13 akija na minane, ujue unampa uzee mwema, wa miaka michache, wenye gharama za daktari.

Siku ya kwenda kumtazama

Usimtazame ndani ya kibanda. Nyuma ya wavu kila mbwa ni mkali au ni mnyonge, na vyote viwili vinaweza kuwa uongo. Omba atolewe kwa kamba, mtembee naye barabarani. Tazama anavyofanya pikipiki ikipita. Angusha funguo chini bila kumtisha: atashtuka, hilo ni sawa. Hesabu muda anaochukua kurudi kunusa zile funguo. Anayerudi mara moja ana moyo imara. Anayejificha kwa dakika nyingi atahitaji nyumba tulivu isiyo na watoto wadogo. Anayerukia kamba yenyewe na kuing'ata kwa hasira anahitaji mtu mzoefu.

Uliza alishaishi na kuku, mbuzi, paka, watoto. "Sijui" ni jibu la kweli na linakubalika. "Hana shida yoyote" lisikutoshe. Rudi mara ya pili, saa tofauti, na watu wote wa nyumbani. Hiyo ndiyo faida kubwa ya mbwa mzima juu ya mtoto wa mbwa anayeuzwa ndani ya katoni barabarani: tabia yake imeshakamilika, na ukiwa na subira utaiona. Mtoto wa Malinois wa miezi miwili anakuuzia sura tu. Alivyo hasa utamjua akifika mwaka na nusu, sofa ikiwa imekwisha.

Sasa, nani amchukue nani

Malinois namwona kwa mtu anayekimbia kila alfajiri na angekimbia hata bila mbwa. Kwa aliyewahi kufundisha mbwa, au aliye tayari kumlipa mfundishaji kwa mwaka mzima. Kwa nyumba yenye ukuta kamili na watoto waliokwisha kuwa wakubwa. Mtu huyo asichukue chotara kwa kuogopa maneno yangu, kwa sababu Malinois aliyepata kazi ni rafiki ambaye sijui mfano wake: anakusoma uso, anajua unakokwenda kabla hujasimama.

Mchungaji mstaafu namwona kwa wazee ambao watoto wameshaoa na kuolewa, kwa nyumba za mtaa wa Golf na za makazi ya zamani ya kampuni ya migodi ya Gécamines zenye kivuli na ukimya, kwa mtu anayefanya kazi nyumbani. Ana heshima. Anataka awe karibu na miguu yako.

Na familia yenye watoto watano, geti linalofunguliwa kutwa, baba anayeondoka na giza na kurudi na giza, mama mwenye biashara sokoni katika komini ya Kenya? Chotara, jike, wa miaka miwili au mitatu, aliyefungwa kizazi na kuchanjwa. Nalisema bila kusita. Atawajua watu wenu wote ndani ya wiki mbili, atawaamsha usiku inapostahili, na hamtamkosea kila siku kwa kukosa muda.

Yeyote utakayemchagua, mwezi wa kwanza asikutane na wageni wengi. Siku za mwanzo mbwa wengi hutulia kupita kiasi, halafu tabia yao halisi hujitokeza kuanzia wiki ya tatu, na wapo wanaohitaji miezi mitatu ndipo waone hapa ni kwao. Usimhukumu mapema, kwa wema wala kwa ubaya.

Kabla ya kuondoka naye, andikianeni karatasi na aliyekuwa anamtunza: jina la mbwa, tarehe ya chanjo, amri anazozijua, anachoogopa, na sentensi moja inayosema kwamba ukishindwa utamrudisha kwake, hutamgawa wala hutamfungulia geti usiku. Wekeni sahihi wote wawili. Kama mtunzaji anakataa kumpokea tena, muulize sababu kabla hujamshika mbwa kamba.